Sifa, Deheni na Doa: Wazee Wetu Walivyotunza Mbao za Vyombo



Katika masimulizi ya familia zetu jahazi hutajwa kwa nahodha wake, kwa bandari zake na kwa shehena yake. Aliyelisugua hatajwi. Hata hivyo hakuna chombo cha mbao kilichovuka kutoka Sur hadi Unguja kwa ujuzi wa nahodha peke yake. Kilivuka kwa sababu kabla ya kutweka tanga kulikuwa na watu waliopiga magoti chini ya tumbo lake wakakwangua, wakaosha na wakapaka. Makala haya yanahusu kazi hiyo. Nimeyaandika kwa sababu vijana wa ukoo wameuliza namna ya kuondoa madoa sugu katika mbao za kale tulizorithi, na swali hilo haliwezi kujibiwa vyema kabla ya kujua madoa hayo yalitoka wapi, na yapi kati yake ni madoa kweli.

Mafuta ya papa

Neno sifa lina maana inayojulikana na kila msemaji wa Kiswahili. Lina pia maana ya pili ambayo mabaharia na wavuvi hawahitaji kuelezwa: ni mafuta mazito, yenye harufu kali, yanayopatikana katika maini ya papa. Maini hukatwakatwa na kutiwa katika pipa, yakaachwa juani au yakachemshwa mpaka mafuta yaelee, kisha mafuta huenguliwa na kuwekwa akiba. Sifa ilipakwa mbao zote zilizo juu ya maji: mbavu za nje, sitaha, shetri, na mabao ya kukalia yaliyozunguka shetri.

Desturi hii ni ya zamani sana. Mwaka 1183 msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, alifika bandari ya Aydhab katika Bahari ya Sham akiwa njiani kwenda Hija. Alivitazama vyombo vya huko, vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, akaandika kwamba vilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba mafuta ya papa ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote. Akaeleza na sababu: mafuta yalilainisha mbao, na mbao laini hustahimili kugusa miamba ambayo imejaa katika bahari ile. Karibu miaka mia moja baadaye Marco Polo alipita Hormuz. Yeye hakupendezwa na vyombo alivyoviona, lakini naye alishuhudia kwamba havikutiwa lami bali vilipakwa mafuta ya samaki.

Kwa nini mafuta? Mbao ya msaji kutoka Malabar, ambayo mafundi wa Sur na wa Ghuba waliipenda kuliko nyingine, ni ngumu na yenye mafuta yake ya asili. Lakini jua la tropiki na upepo wa chumvi huyanyonya mafuta hayo. Mbao ikikauka husinyaa. Ikisinyaa, maungo huachia na kalafati hulegea. Mafuta ya papa yakipakwa huingia katika vinyweleo vya mbao, na yale yanayobaki juu hukutana na hewa, yakaganda polepole, yakawa ngozi nyembamba isiyopenya maji kwa urahisi. Msimu unaofuata hupakwa tena, na unaofuata tena. Rangi ya hudhurungi iliyokoza, karibu na weusi, tunayoiona katika mbao za majahazi ya kale, ni miaka ya sifa iliyolala tabaka juu ya tabaka. Mgeni huiona kuwa uchafu, ilhali baharia aliiona kuwa nguo ya chombo.

Deheni, sabuni isiyoyeyuka

Chini ya mstari wa maji sifa peke yake haikutosha. Huko kuna adui wawili. Wa kwanza ni magugu ya baharini na chaza wadogo wanaoganda katika mbao, wakakifanya chombo kiwe kizito na kivivu. Wa pili ni hatari zaidi: kiumbe ambacho wataalamu hukiita teredo. Watu humdhania kuwa funza, lakini yeye ni jamaa wa chaza aliyerefuka. Huingia katika mbao kupitia tundu dogo mno, kisha hula njia ndefu ndani yake, na ubao unaoonekana mzima kwa nje huwa umebaki ganda.

Dawa ya wazee wetu ilikuwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu ya mbuzi au kondoo. Pwani ya Afrika Mashariki chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Shahamu ilipatikana kwa mchinjaji. Shahamu iliyeyushwa motoni, chokaa ikatiwa na kukorogwa, na uji huo mzito ukapakwa kwa viganja vya mikono kabla haujapoa.

Kazi yenyewe ilitawaliwa na mwezi. Ilisubiriwa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Maji yalipojaa, chombo kilisogezwa pwani. Yalipoanza kupwa, kilisimamishwa kwa gadi, yaani miti ya kukitegemeza pande zote mbili, ili kisilale. Hapo mabaharia walikuwa na saa chache tu. Walikwangua chaza na magugu. Katika bandari nyingi za Waswahili walipitisha pia moto wa makuti makavu chini ya tumbo la chombo, haraka na kwa uangalifu, ili kukausha mbao na kumuua teredo aliye karibu na uso wa ubao. Palipolegea palitiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta. Kisha deheni ikapakwa kuanzia mkukuni kupanda juu, huku bahari ikirudi. Atakayechelewa angepaka maji badala ya mbao.

Waliokuwa wakisafiri na pepo za msimu walikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Walishuka na kaskazi kati ya Disemba na Machi, wakauza tende, chumvi na samaki mkavu, wakapakia boriti za mikoko, nazi na karafuu, na kabla ya kusi kuwarudisha kwao walikitengeneza chombo. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na bumu la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939 kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, ameacha kitabu na picha nyingi za maisha ya mabaharia hao na kazi zao.

Jambo la kuzingatia ni hili: sabuni tunayofulia hutengenezwa kwa mafuta na kitu kikali cha jamii ya magadi. Deheni nayo ni mafuta na kitu kikali, yaani chokaa. Vikikutana kwenye joto, sehemu ya shahamu hugeuka kuwa sabuni ya chokaa, ambayo tofauti yake na sabuni ya kufulia ni kwamba haiyeyuki katika maji. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walijua kwa mikono yao kwamba ipo sabuni inayoondoka na uchafu, na ipo sabuni inayobaki ili uchafu usishike.

Ujuzi huo haukufa kabisa. Mwaka 1980 chombo kiitwacho Sohar kilijengwa Sur kwa kushonwa, bila misumari, kikasafiri kutoka Maskati hadi Guangzhou, China, na kufika mwaka 1981. Leo kimewekwa katika mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan Palace, na wengi wetu hukipita bila kukitazama. Mwaka 2010 chombo kingine cha kushonwa, Jewel of Muscat, kilichojengwa Qantab, kilisafiri hadi Singapore. Wajenzi wa vyombo hivi walirudi kwenye mafuta na chokaa, kwa kuwa mbao iliyoshonwa haipendi rangi za kisasa zinazoifunga isipumue.

Maji ya chumvi na madoa ya shehena

Juu ya sitaha hali ilikuwa nyingine. Huko watu waliishi. Walipika, walilala, waliswali, na shehena ilipita juu ya mbao zilezile. Tende zilizokandamizwa katika makanda huvuja asali yake. Papa mkavu huacha mafuta na harufu. Nazi na mbata huacha mafuta. Boriti za mikoko zikilowa hutoa maji mekundu ya magome, yale yale yanayotumika kutia rangi ngozi na nyavu. Na kila penye msumari wa chuma ndani ya mbao kama msaji hutokea doa jeusi linalozunguka kichwa cha msumari, kwa sababu kutu ya chuma hukutana na asili kali iliyo katika mbao na kuzaa rangi inayofanana na wino. Doa hilo halioshwi kwa sabuni yoyote, kwani limo ndani ya mbao.

Kanuni ya kwanza ya kuosha sitaha ilikuwa kutumia maji ya bahari. Mtu wa bara anaweza kushangaa, kwani chumvi huharibu chuma na nguo. Lakini kuvu inayoozesha mbao hustawi katika maji matamu. Mvua ya masika iliyotuama katika pembe ya sitaha ilikuwa na madhara kuliko wimbi. Maji ya bahari yaliyomwagwa asubuhi na jioni yaliondoa uchafu, yakazuia kuvu, na yakazifanya mbao zibaki zimevimba ili maungo yasifunguke. Na kwa kuwa maji matamu katika mtungi wa chombo yalikuwa uhai wa watu, hakuna aliyeyatumia kusugulia.

Kanuni ya pili ilikuwa kutumia kitu laini kuliko mbao. Kumbi la nazi husugua bila kukwaruza. Bibi zetu walilitumia jikoni pamoja na majivu kuondoa mafuta katika masufuria, na wakatumia ndimu au ukwaju kung'arisha shaba. Majivu huvunja mafuta. Ndimu hulegeza kutu. Elimu ya jikoni na elimu ya sitaha zilikuwa dada wawili.

Nani aliyesugua?

Hapa lazima tuseme jambo ambalo kurasa za nasaba hupenda kulikwepa. Kazi ya kukwangua, kuchemsha shahamu na kupaka sifa ilikuwa chafu na yenye harufu, na waliopewa walikuwa wa chini katika mpangilio wa chombo. Wengi walikuwa mabaharia maskini wa Sur, wa Batina, wa Lamu na wa Unguja. Lakini katika karne ya 19 walikuwapo pia watumwa, katika vyombo na katika bandari. Vyombo hivyo hivyo vilibeba watu kama shehena. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897.

Sisi tuliorithi majina ya manahodha tumerithi pia mbao zilizong'arishwa na mikono ya watu ambao hatukuhifadhi majina yao. Baadhi ya wazao wao ni ndugu zetu wa damu, na wapo katika ukoo huu, wakisoma maneno haya. Historia ya usafi wa chombo ni mahali pamoja ambapo tunaweza kuwataja kwa kazi yao, hata kama majina yamepotea.

Tunapenda kusimulia safari ya Sultana, merikebu ya Sayyid Said iliyojengwa Bombay, ambayo iliondoka Unguja mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman na kufika New York tarehe 30 Aprili. Tunataja zawadi zilizopelekwa na heshima iliyopokewa. Tusisahau kwamba Sultana ilifika ikiwa imechakaa kwa safari, na kwamba sehemu kubwa ya heshima ile ilikuwa kazi ya mikono: karakana ya Jeshi la Wanamaji la Marekani huko Brooklyn iliikarabati bila malipo kabla haijarudi nyumbani mwaka uleule. Wafanyakazi waliofanya kazi hiyo nao hawatajwi.

Ubao uliopo mkononi

Familia nyingi za Oman zenye asili ya pwani zimebaki na kipande fulani: ubao wa shetri uliogeuzwa benchi la barazani, mlango wa chumba cha nahodha, au sanduku. Sur waliona umuhimu wa kubaki na zaidi ya kipande. Fatah al-Khair, chombo cha aina ya ganja kilichojengwa huko mwaka 1951, kilikuwa kimekwisha kuuzwa Yemen. Watu wa mji walikinunua tena na kukirejesha mwaka 1993, na sasa kimesimama nchi kavu kama kumbukumbu.

Benchi letu ni mbao tatu za msaji zilizotoka katika baraza ya shetri. Ina weusi mzito pale migongo ilipoegemea, mizunguko ya misumari, na ukungu wa kijivu ulioingia miaka ya karibuni kwa sababu ya unyevu. Imependekezwa ipauswe kwa maji ya klorini na kupigwa vanishi. Kwa yote yaliyotangulia, ushauri wangu ni huu.

Ukungu ndio doa la kweli. Uondolewe kwa brashi laini, maji kidogo na sabuni isiyo kali, kwa kusugua kukatiza nyuzi za mbao, kwani kusugua kufuata nyuzi huchimba sehemu laini na kuacha makorongo. Kisha ubao ukaushwe kivulini penye upepo. Klorini isitumike: huvunjavunja kile kinachoshikamanisha nyuzi za mbao, na weupe unaopatikana ni weupe wa mbao iliyodhoofika. Aidha klorini haichanganywi kamwe na siki, ndimu wala asidi yoyote, wala na amonia, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo inaweza kuua.

Mizunguko ya misumari yaweza kupunguzwa kwa asidi ya oksaliki, ambayo mafundi wa mbao huiuza kama unga wa kuondolea doa la chuma. Lakini ni sumu. Inahitaji glavu, kinga ya macho, na kusuuzwa kwa maji mengi, na ijaribiwe kwanza upande wa chini usioonekana. Kwa maoni yangu mizunguko hiyo iachwe, kwani ndiyo inayoonyesha mataruma yalipokaa. Ikiwa chini ya weusi ipo rangi ya zamani, isisuguliwe kwa msasa mkavu, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi na vumbi lake hudhuru, hasa watoto.

Weusi wa sifa usiguswe. Pale ubao ulipokauka mno, upakwe mafuta membamba ya kitani kidogo kidogo na kufutwa. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, au vilowekwe katika maji, kabla ya kutupwa; vikirundikwa vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto.

Wenye boti za faibaglasi Muttrah na Seeb wana madoa mengine, lakini kanuni haijabadilika. Viti vya vinaili vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, visuuzwe na vikaushwe kabla ya kufunikwa, kwani kuvu hupenda giza na unyevu. Damu ya samaki ioshwe kwa maji baridi, maana moto huigandisha. Klorini hukausha vinaili na kuozesha nyuzi za mshono, na asetoni huiyeyusha. Chini ya maji napo tuna funzo: rangi zenye sumu ya bati zilizotumika kwa miongo kadhaa kuzuia viumbe kuganda ziliwadhuru chaza wa ghuba nyingi, mpaka mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ukaanza kutumika mwaka 2008. Shahamu na chokaa hazikuacha deni kama hilo.

Kilichobaki kufanywa

Jambo moja haliwezi kusubiri kama ubao unavyosubiri. Kiasi cha chokaa kwa shahamu, muda wa kuchemsha maini, namna ya kujua kwa kidole kwamba deheni iko tayari: hayo yamo katika vichwa vya wazee wachache, na wengine wao hawajawahi kuulizwa kwa sababu hawakuwa manahodha. Ninawaomba wajukuu walioko Maskati, Sur, Unguja, Mombasa na Uingereza wakae na mzee yeyote aliyepata kushika kumbi au pipa la sifa, wamrekodi kwa lafudhi yake na waandike jina lake kamili. Kwanza aulizwe aliyesugua, kisha aliyeshika usukani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wenye majina na wasio na majina, na awape umri wenye baraka waliobaki.